Mgeni Dar anahitaji shilingi ngapi kwa mwezi? Anza na joto kwanza

Hili swali naulizwa karibu kila wiki. Mtu kapata kazi Dar es Salaam, au mke wake ndo kapata, au ni ndugu yetu wa Stockholm anarudi na mume wa kule, ananiandikia: tukija na mtoto tutatumia ngapi kwa mwezi? Kazi yangu ni kutafutia watu nyumba, huu mwaka wa tisa sasa, na kila nikijibu kwa namba moja najikuta nimempotosha mtu. Maana nimeshaona wawili wako ofisi moja, mshahara unalingana, kila mmoja ana mtoto mmoja, wa kwanza anaishi kwa milioni mbili na nusu na kwao anatuma, wa pili milioni saba haifiki tarehe ishirini na tano. Na huyo wa pili wala sio mtu wa viwanja, jioni yuko nyumbani na familia yake.

Jibu la mtaani ni fupi: kapigwa bei ya mzungu. Kupigwa kupo na nitakuja huko, ila nilipokaa nae tukapitia matumizi yake mstari kwa mstari, hela aliyopigwa sokoni na kwenye bajaji haikufika hata elfu hamsini kwa mwezi. Hela kubwa ilikuwa inaenda mahali ambapo hakuna aliyemwibia. Ilikuwa inaenda kwenye kupigana na hali ya hewa. Huyu anatoka Finland. Mwenzake ni Mkenya wa Mombasa, mgeni vilevile kisheria, ila kakulia joto hilihili, na tofauti yao karibu yote ukiifuatilia inaanzia hapo.

Ukiangalia joto la Dar kwenye simu halitishi. Januari na Februari mchana ni 31 au 32, usiku 25 hivi. Kuna miji ya Ulaya kiangazi inapita hapo. Kinachomaliza mtu hapa ni unyevu, hewa ya bahari imeshiba maji, kwa hiyo jasho likitoka halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi, basi unakaa umelowa tu na usiku unageuka geuka kitandani. Mgeni anachofanya ni kuwasha AC na kuishusha mpaka 18 maana kwao nyumba ilikuwa na ubaridi huo. Sasa hapa inabidi tuelewe AC inafanya nini. Ile haipozi hewa tu, inaikamua maji. Ule mpira unaodondosha maji nje ya dirisha, weka ndoo uone, asubuhi unakuta lita kadhaa. Kuugeuza mvuke kuwa lita moja ya maji ni kazi ya nishati kama uniti 0.7 (uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja), na AC ya kawaida inaifanya kwa umeme wa kama theluthi ya hiyo, kwa kila lita, kabla hujahesabu kupoza chumba chenyewe. Halafu mlango wa jikoni uko wazi, dirisha la bafuni limeachwa na upenyo, mtoto anaingia anatoka. Hewa mbichi ya baharini inaingia muda wote na mashine inaanza upya kukamua.

Tuweke kwenye LUKU sasa, ule umeme wa kulipia kabla. Kwa mteja wa kawaida wa majumbani aliyeko kundi la T1 uniti moja ni shilingi 292, ongeza VAT asilimia 18, REA (ya umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (wasimamizi wa nishati na maji) asilimia 1, inafika kama 356, ndo maana ukinunua umeme wa elfu kumi unapata uniti 28. AC ya chumbani inayokula kilowati moja ukiiwasha masaa nane ni uniti nane, kama 2,850 kwa usiku mmoja, kwa mwezi elfu themanini na tano na kitu, chumba kimoja hicho. Feni ya wati 70 masaa hayohayo nane ni nusu uniti na kidogo, shilingi mia mbili, kwa mwezi elfu sita. Mfini wangu alikuwa na AC mbili za vyumbani, moja kubwa ya sebuleni, hita ya maji inayowaka mchana kutwa, jiko la umeme na mashine ya kukaushia nguo. LUKU yake ilikuwa laki nne na nusu. Yule wa Mombasa ana feni tatu na AC moja ya chumbani anayoiwasha kuanzia Desemba mpaka masika yaanze, anaiweka 26 na feni inazunguka juu yake, nguo anaanika kwenye kamba, maji anaoga ya bomba. LUKU yake haijawahi kufika laki moja.

(Kuna watu watasema mbona kwa bibi yangu uniti ni bei ya chini. Ni kweli, lile ni kundi la D1, la matumizi madogo, shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato, lakini ni kwa anayetumia uniti 75 au pungufu kwa mwezi. Nyumba yenye AC inazimaliza hizo kwenye wiki moja, sahau.)

Ila usifikiri ni tabia za mtu peke yake. Hapa ndo wengi wanapokosea, wanamwambia mgeni "jifunze kubana matumizi", wakati nyumba aliyopewa haiwezekani kukaa bila AC hata ukiwa mtoto wa Tanga. Mfini wangu alipangishwa apatimenti ya ghorofa ya tano Masaki, ya juu kabisa, sebule kioo kitupu kuanzia chini mpaka juu na kioo chenyewe kinatazama magharibi. Nzuri kwenye picha sana. Dar tuko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, jua linapita karibu na utosi mwaka mzima, kwa hiyo ukuta wa kaskazini na wa kusini unaweza kuukinga kwa upenu wa kawaida wa paa, lakini ukuta wa magharibi jua linaupiga kwa ubavu kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili jioni na hakuna upenu unaofika huko. Juu yake kuna zege la paa limechomwa kutwa nzima, na zege halipoi jua likizama, linashusha joto chumbani mpaka saa sita za usiku. Unaanza kulala ndo chumba kinachemka.

Linganisha na zile nyumba za zamani za Upanga, Oysterbay, sehemu za Mikocheni na Msasani, au nenda mbali kidogo uangalie Mji Mkongwe na Lamu. Dari refu. Kuta nene. Madirisha mawili yanayotazamana ili upepo ukiingia huku utokee kule. Baraza lenye kivuli. Watu wa pwani walizijenga wakiwa wanazijua pepo, kuanzia Desemba kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki, kuanzia karibu Mei kusi inavuma kutoka upande wa kusini, na kwenye nyumba inayozipokea zote mbili feni inatosha miezi mingi tu. Juni mpaka Agosti, wakati wa kipupwe, usiku unatafuta shuka. Mimi nasikitika sana nikiona nyumba kama hizo zinavunjwa linapanda jengo la vioo, maana kila jengo la hivyo linakuja na bili ya umeme isiyoisha, na anayeilipa ni mpangaji, sio aliyechora ramani.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nachomwambia mteja siku hizi: nyumba usiende kuiona asubuhi. Nenda saa tisa alasiri, zima kila AC, fungua madirisha, kaa dakika ishirini. Weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi. Muulize dalali nyumba hiyo ilinunua LUKU ya ngapi mwezi wa pili, na asipojua mpigie mlinzi, mlinzi anajua maana ndo anatumwa kuingiza tokeni.

Halafu kuna gharama ya chumvi, ambayo hakuna anayeiweka kwenye bajeti. Karibu na bahari hewa ina chumvi inayokula chuma, ile mashine ya nje ya AC inaoza mapezi, bawaba za madirisha zinashika kutu, soketi, tivii, pasi. Visima vingi vya ukanda wa pwani maji yake yana chumvi pia, ukiyapitisha kwenye hita ya maji ile elementi haimalizi mwaka. Unyevu nao unapandisha ukungu kwenye viatu vya ngozi, mikanda, suti iliyokaa kabatini, vitabu. Nimeshaona mama analia kwa ajili ya viola ya mwanae aliyokuja nayo, gundi imeachia mbao zimetengana. Hivyo vitu ukivijumlisha ni fundi kila mwezi: fundi AC, fundi bomba, fundi umeme. Pale Mombasa mtu anajua toka utotoni kwamba kabati linaachwa wazi na suti haiji pwani.

Maji yenyewe ni hesabu nyingine. Nyumba bila tanki la akiba usiichukue hata kama kodi ni nzuri. Mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipungua sana na jiji zima likaingia kwenye mgao wa maji, watu walinunua maji ya boza, na mwenye tanki la lita elfu tano alilala kwa amani. Umeme umekuwa na nafuu tangu Bwawa la Nyerere lianze kuzalisha mapema 2024, lina uwezo wa megawati 2,115, ila kukatika mtaani kwa nguzo, kwa mvua, kwa transfoma bado kupo, na jengo lenye jenereta linakutoza dizeli kwenye ile ada ya huduma. Hiyo ada uliza kabla. Kuna mahali inaongeza karibu robo ya kodi na mtu anaijua akishasaini.

Kodi sasa. Mgeni anazoea kulipa mwezi kwa mwezi, hapa anaambiwa miezi sita au mwaka mkononi, juu yake mwezi mmoja wa dalali. Ukichukua nyumba ya milioni moja na laki tano unatakiwa uwe na milioni kumi na nusu kuingia mlangoni tu kwa miezi sita ikiwa na dalali: tisa za mwenye nyumba, moja na nusu ya dalali. Mtu anatua na mshahara mzuri lakini mtaji wa kuanzia hana, anakopa kazini, mwaka mzima anakatwa. Kujadiliana kunawezekana, miezi mitatu mitatu wapo wanaokubali, hasa nyumba ikishakaa tupu muda. Na nyingine: zamani maeneo ya wageni kodi zote zilitangazwa kwa dola. Tangu Machi 28, 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kupanga bei, kutangaza au kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Ukiona tangazo la nyumba kwa dola leo ujue halifuati kanuni, na mkataba wako hakikisha una shilingi ndani. Hili lina maana kubwa kwa anayelipwa dola, maana kuna wakati 2024 dola ilipita 2,700, mwaka uliofuata shilingi ikapata nguvu dola ikashuka mpaka chini ya 2,500, mshahara uleule ukanunua shilingi kidogo zaidi wakati kodi yake haikushuka. Bajeti ya mgeni ipangwe kwa shilingi.

Kununua ardhi usijisumbue, Sheria ya Ardhi ya 1999 hairuhusu asiye raia kumiliki isipokuwa kwa uwekezaji, kupitia utaratibu wa mamlaka ya uwekezaji. Nimewaona waliopitishia kwa jina la rafiki. Wengine sasa hivi wako mahakamani na hao marafiki.

Chakula ni pale ambapo mgeni anaweza kuishi vizuri kuliko kwao kwa hela kidogo, au akafilisika, kwa kutegemea anataka kula nini. Bidhaa iliyokamilika kutoka nje inakutana na ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, ambao tangu Julai 2022 kundi lake la juu ni asilimia 35, halafu VAT asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo. Kitu kilichofika bandarini kwa shilingi elfu kumi, kikiwa kundi la juu, kinafika karibu elfu kumi na sita kabla ya tozo ndogondogo, kabla ya gari, kabla ya faida ya mwenye duka. Na kama ni jibini au siagi au soseji, kimekaa kwenye ubaridi toka melini mpaka rafu ya supamaketi, na huo ubaridi nao ni umeme unaolipiwa. Yani joto unalilipia tena kwenye jibini. Ukinunua matufaa ya kutoka mbali unalilipia tena.

Wakati huohuo nchi yenyewe ina baridi yake. Lushoto, Njombe, Mbeya, Arusha. Kabeji, karoti, viazi, parachichi, matunda damu, peasi, vyote vinashuka kwa lori usiku mmoja. Samaki nenda Feri asubuhi na mapema na mtu anayejua mnada unavyokwenda, mara ya kwanza usiende peke yako. Embe kuanzia Novemba. Fungu la mchicha mia tano, sahani ya wali samaki kwa mama ntilie elfu tatu hivi. Yule wa Mombasa mke wake anapika kwa nazi na samaki na matembele, kwao ni chakula cha nyumbani, na bajeti yao ya jikoni haifiki theluthi ya mwenzake. Siwezi kumlaumu yule Mfini, mkate wake mweusi anaukumbuka, mtoto wake hali ugali. Hiyo ni nyumbani kwao na mtu hawezi kuvua nyumbani kwao kama koti. Ninachosema achague vitu viwili vitatu vya kwao vinavyompa furaha avilipie bila majuto, vingine vyote vya hapa.

Bei ya mzungu? Ipo sokoni, kwenye bajaji, kwa fundi. Dawa yake ni Kiswahili kidogo tu, salamu kwanza, shikamoo kwa mzee, halafu "nipunguzie mama", na kwa bajaji na boda tumia zile programu za simu zenye bei ya wazi. Daladala nauli imepangwa, safari fupi ni mia sita, konda hana bei ya mgeni. Mwezi wa tatu utakuwa unalipa karibu sawa na jirani. Ni gharama ya muda, ile ya kioo cha magharibi haiishi.

Vibali ni lazima viingie kwenye hesabu, maana ni hela nyingi kwa mkupuo. Kwa aliyeajiriwa ni viwili tofauti, cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya 2015, na cha ukaazi kutoka Uhamiaji, daraja B. Mwekezaji na aliyejiajiri ni daraja A, wanafunzi, watafiti, wa kujitolea na wastaafu daraja C. Kibali cha kazi ni miaka miwili kwa mara moja. Hata Mkenya anakihitaji, asidhani pasi ya Afrika Mashariki inatosha kuanza kazi. Mke au mume anayekuja kama tegemezi haruhusiwi kufanya kazi bila cha kwake, na hapa familia nyingi zinaumia, walipanga mishahara miwili wanaishi kwa mmoja. Anawaza basi nifungue saluni ndogo. Hapana, agizo la Julai 2025 limewazuia wasio raia kufanya biashara 15, saluni ikiwemo, pia huduma za pesa kwa simu, kutengeneza simu, kuongoza watalii. Mwandikie mwajiri kabla ya kusaini: vibali vya nani, vya familia yote? Ada ya shule nayo? Kwenye zile shule za kimataifa za juu mtoto mmoja anapita dola elfu ishirini kwa mwaka, na hiyo pekee inaweza kuwa kubwa kuliko kodi, umeme na chakula kwa pamoja.

Na kuna dada wa kazi. Mgeni anasikia wapangaji wenzake wanalipa ngapi anafuata. Agizo la mshahara la 2022, lililoanza kutumika Januari 2023, liliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani kwa kuangalia anamfanyia nani: kwa mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa 250,000, kwa afisa mwenye stahili 200,000, nyumba nyingine 120,000 kwa asiyelala hapo. Tangu hapo kuna agizo jipya, angalia cha sasa. Nalisema hili kwa uchungu maana nimekuta nyumba inayolipa laki nne na nusu kwa ajili ya ubaridi na dada anayefua, anayepika na anayelea mtoto analipwa laki moja na ishirini. Mweke pia kwenye NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Anapanda daladala mbili kuja kwako, na siku homa ya dengi ikiingia mtaani, kama ilivyoingia Dar 2014 na 2019, mbu wake anauma mchana, yaani anawauma nyie wote wawili sawasawa, na yeye bima hana.

Yule Mfini mkataba wake ulipoisha tulimpata nyumba ya zamani Mikocheni, ya chini, ina baraza upande wa mashariki na dari refu, kodi pungufu kwa laki sita. Ada ya shule haikubadilika. LUKU ya mwezi wa kwanza ilikuwa laki moja na arobaini. AC moja imebaki, ya chumba cha mtoto. Uani kuna muembe mkubwa unaokinga ukuta wote wa magharibi, na mwezi wa kumi na moja mke wake akanipigia kuniuliza maembe ni ya mpangaji au ya mwenye nyumba, maana kwenye mkataba hayakuandikwa. Nilimwambia ampigie mama mwenye nyumba, amsalimie kwanza. Wamegawana nusu kwa nusu, na kwenye mikataba yangu sasa mti nao unaandikwa.